Waziri wa Siku Tisa

Kwenye avenyu yetu hapa Mikelenge, mjini Kindu, kulikuwa na mwanamume mmoja tu aliyepiga pasi shati kabla ya kwenda kuteka maji. Pasi ya makaa, shati jeupe lililokwisha kuwa rangi ya chai kwenye kola, ndoo mbili mikononi. Watoto wakimwona waliimba, "Waziri! Waziri!" Naye alisimama, akaweka ndoo chini, akainamisha kichwa kidogo kama mtu anayepokea heshima za jeshi, kisha akaendelea na safari yake ya bombani. Wapangaji wapya walidhani ni utani wa mtaa. Haukuwa utani. Alikuwa waziri kweli, kwa siku tisa, katika nchi ambayo haimo kwenye ramani yoyote, na mimi nilikuwa raia wa nchi hiyo.

Tumemzika mwaka huu. Wanawe wameandika jina lake lote kwenye kibao cha kaburi. Mimi nitamwita nilivyomwita miaka yote ishirini tuliyogawana ua wa mianzi, maana jina la kile cheo ndilo lililoniuma, na ndilo nililolizoea.

Naitwa Mama Feza. Nauza mawese na chumvi sokoni. Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa mbao.

Waziri alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na ualimu haukumtoka hata alipozeeka. Tangazo la msiba likibandikwa ukutani kwa Kifaransa kibovu, alilisahihisha kwa kalamu nyekundu, mbele ya wafiwa. Padri wa parokia yetu alikuwa akimtumia mahubiri ayapitie, ingawa Waziri alikuwa Mwislamu, na Jumapili tulijua ni sentensi zipi za padri na zipi za jirani yangu, kwa sababu zake zilikuwa ndefu na hazikutaka kushuka chini. Chai alikunywa bila sukari, akisema sukari ni ya watu wasio na mazungumzo.

Watu walimjia awaandikie barua za kupeleka kominuni, ofisi ya mtaa. Aliandika bila kinyongo, lakini kuna neno alilikataa. Barua yoyote iliyoanza na "Sisi" aliisukuma mbali kama sahani yenye nywele. Na ugomvi hakuuandika kwa upande mmoja. Nakumbuka majirani wawili waliogombania mchikichi ulioota kwenye mpaka wa viwanja vyao. Mmoja, mwendesha baiskeli za abiria, alifika asubuhi amevimba.

"Waziri, niandikie. Ile muti njo yangu."

"Mwenzako iko wapi?"

"Mimi njo nimekuja. Yeye anafanya nini hapa?"

"Basi rudi na yeye. Karatasi ya muntu moja njo ndoto tu. Mimi siandike ndoto tena."

Yule bwana aliondoka akimtukana hadi barabarani. Siku ya tatu walirudi wote wawili. Waziri aliwakalisha kwenye benchi lake fupi, fupi kiasi kwamba mabega yaligusana wapende wasipende, na akawaacha hapo kutoka asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri. Mwisho mmoja akapewa chikichi, mwingine makuti na kivuli. Waziri alisoma mapatano kwa sauti, akawatazama nyuso.

"Munanuna wote wawili?"

Kila mmoja aligeuza uso upande wake.

"Sawa. Angelicheka moja, ningeliandika upya."

Mtaa ulimpenda kwa mambo kama hayo. Mimi nilikuwa nyuma ya ua, nachambua sombe, majani ya muhogo, nasikia yote, na siku nyingine nilitamani kumtupia kinu.

Kijiji chetu kiko ng'ambo ya mto Lualaba, kwenye njia ya Kailo, mwendo wa siku nzima kwa baiskeli yenye mzigo. Wakati wa vita mji wa Kindu ulishikwa na waasi waliotoka mashariki, na msitu wote ulishikwa na wapiganaji wenyeji. Wa kwetu waliongozwa na mtu aliyekuwa mchoma matofali kabla ya vita, akajiita Jenerali. Hakuwa mtu mbaya kuliko wengine. Redioni tukasikia kwamba wakubwa wa vita wanaitwa nchi ya mbali, kwenye hoteli, wazungumze amani. Kila mwenye jeshi na jina aliitwa. Jenerali wetu hakuitwa, na jambo hilo lilimkosesha hamu ya chakula.

Akamwita mwalimu wa shule, kwa sababu ndiye peke yake aliyejua Kifaransa cha kuandika. Mazungumzo yao nilisimuliwa na Waziri mwenyewe, miaka mingi baadaye.

"Tuombe chumvi, na dawa, na njia ya kwenda sokoni," mwalimu alisema. "Tuwaandikie wale ya muji. Tuikale nao."

"Mwenye kuomba chumvi wanamupa chumvi," Jenerali akamjibu. "Mwenye kutangaza inchi wanamwita mezani. Wewe andika inchi."

Mwalimu alijaribu kumkumbusha hadithi za wazee wa reli, kwamba jimbo la Katanga lilipojitangaza kuwa nchi, treni iliyokuwa ikitoka kusini ilisahau njia ya Kindu, na mke wa mtu akawa upande mmoja, mume upande mwingine. Jenerali alisema sisi hatuna treni.

"Lakini Mama Feza, usifikiri walinishikia bunduki," Waziri aliniambia. "Hakuna aliyenishikia bunduki. Miaka yote nilikuwa naandika ubaoni, watoto wanafuta na kiganja. Siku ile wakaniambia dunia muzima itasoma. Niliandika siku tatu. Nilisahau kula."

Tangazo alilisoma yeye, kwenye uwanja wa mpira wa shule, kwa kipaza sauti kilichoazimwa msikitini. Liliorodhesha vijiji, mito, haki, na likaukataa mji na wote walioushika. Kijiji chetu kiliitwa Mji Mkuu. Kilikuwa na kisima kimoja, msikiti mdogo na kanisa la udongo. Sisi wanawake tulicheka hadi tukashikana mabega. Mama mmoja akauliza, "Sasa kwenda kuuza sombe Kindu njo kwenda inje ya inchi?" Mwalimu, ambaye saa hiyo alikuwa amekwisha kuwa Waziri wa Mambo ya Nje, akamjibu bila kucheka kwamba ndiyo, na kwamba itahitajika karatasi.

Na karatasi zikaja. Alichonga muhuri kutoka kwenye soli ya kandambili, akaupaka wino. Akawekewa meza na kiti chini ya baraza ya shule. Meza ile aliitengeneza mume wangu.

Siku ya tatu ya nchi yetu nilimwendea. Feza wangu alikuwa na miaka minne, sikio limevimba linatoa usaha, na dawa haikuwepo ila Kindu. Nilikuwa na madumu mawili ya mawese ya kuuza.

"Nataka karatasi ya watu watatu," nikamwambia. "Mimi, mutoto, na baba yake. Ile madumu iko muzito."

Aliandika polepole, kwa mwandiko wake mzuri. Alipomaliza nikaona ameandika wawili.

"Fundi hatoke," akasema. "Viti vya mabalozi havijaisha."

"Mabalozi gani?"

"Watakuja."

"Waziri, nakuomba. Mutoto iko mugonjwa, siwezi beba vyote."

Nilimwita Waziri kwa makusudi, nikidhani litamlainisha. Nilimwona akinyoosha kola. Akagonga muhuri, akasukuma karatasi kwangu na kusema, "Mama, taifa inaanza na nidhamu."

Mume wangu hakukasirika. Alisema nenda, nunua na chumvi, ukirudi viti vitakuwa vimekwisha. Alimpulizia Feza kwenye sikio bovu, kama alivyokuwa akifanya kila asubuhi, akaninyanyulia dumu kichwani.

Kindu wote walikuwa wamekwisha kulisoma lile tangazo. Nakala ilibandikwa bandarini, na chini ya jina la kijiji chetu mtu alikuwa amepiga mstari mwekundu. Nilifikia kwa shangazi, nikapata matone ya sikio, nikauza dumu moja. Siku chache baadaye asubuhi nikaona askari wanavushwa kwenda Alunguli, ng'ambo ya mto, boti baada ya boti, hadi jua likawa la utosi. Nilitaka kurudi nyumbani. Waliokuwa bandarini wakanishika nguo.

Walirudi baada ya siku mbili. Walibeba mbuzi, milango, baiskeli, masufuria. Askari mmoja kijana alikuwa na kiti kichwani, kiti kipya cha mbao nyeupe ambacho hakijapakwa rangi. Miguu mitatu ilikuwa imepigwa msasa, ikawa laini, na wa nne bado. Hakuna aliyehitaji kuniambia kitu baada ya hapo.

Waliwaua wanaume kumi na mmoja mbele ya kanisa, wakitafuta serikali. Serikali haikuwepo. Jenerali na mawaziri wake walikuwa wamekwisha kuingia msituni. Waliobaki ni wale wasiokuwa na cheo.

Kisha msitu ukaukaba mji kulipiza. Hakuna aliyetoka kwenda shambani, hakuna treni, hakuna boti. Mwanamke aliyetoka kutafuta majani alikamatwa na askari wa mji kwa kuwa anapeleka habari msituni. Akiwaponyoka hao, wa msituni walimkamata kwa kuwa ametoka mjini. Nawajua waliorudi, na sitasema walirudi vipi. Tulikula mizizi ya mipapai. Nywele za Feza zikawa nyekundu, miguu ikajaa maji. Shangazi alizikwa ndani ya pazia kwa sababu jeneza lilihitaji mbao, na mbao zilikuwa msituni.

Ndipo siku moja mtumbwi ukatokea ng'ambo na kitambaa cheupe kwenye mti. Ndani alikuwepo mtu mwembamba, amevaa koti. Nilimtambua kabla hajashuka. Wa msituni walikuwa wamemtuma yeye, kwa sababu ile ile ya kwanza: alijua kuandika.

Mazungumzo yalifanyika kwenye jumba karibu na gare, stesheni ya treni, padri na imamu wakiwa mashahidi. Yalichukua wiki tatu. Sisi wanawake tulikaa nje kila siku, si kwa kuwa tuliitwa, ila hatukuwa na pa kwenda. Tulimsikia akibishana juu ya vitu vidogo vidogo: mitumbwi mingapi, siku gani, nani apekue vikapu. Siku nzima ilipotea kwa neno moja tu, kwamba wanawake wasipekuliwe na wanaume. Alilishikilia hadi akalipata. Wakati wa kupumzika walitoka barazani, na nikamwona akinywa chai na Komanda wa mji, yule aliyewapeleka askari kijijini kwetu. Komanda alimmiminia. Waziri akapokea kwa mikono miwili.

Mapatano yalisomwa na imamu kwa kipaza sauti. Neno "nchi" halikuwemo hata mara moja. Kulikuwa na muhogo, chumvi, mawese, wagonjwa, siku za soko. Mwisho kabisa kulikuwa na sentensi moja: kuhusu yaliyotokea kijijini, hakuna upande utakaouliza upande mwingine.

Siku ya tatu mitumbwi ilifika, imejaa hadi maji yanachungulia ndani. Watu walilia wakipakua. Mimi nilipata vipande vitano vya muhogo. Niliuponda, nikampa Feza, nikala mwenyewe. Feza yupo leo, muuguzi, ana watoto wawili. Kila ninapomtazama najua amesimama juu ya sentensi ile.

Miaka mingi baadaye, tulipokuwa tumeanza kuzungumza, nilimuuliza kwa nini aliiandika.

"Ilikuwa ile sentensi ao muhogo," akasema. "Komanda alisema mukiuliza, mito inafungwa."

"Ungeniuliza mimi. Nilikuwa pale inje, kwenye ngazi."

"Ningekuuliza, ungesema nini?"

"Sijui. Lakini ungeniuliza."

Alikunja kola, akaikunjua.

Amani kubwa ilikuja baadaye kupitia redio, kutoka ile hoteli ya mbali. Waasi na serikali wakachanganywa kuwa jeshi moja. Komanda alipewa cheo kipya, akaondoka Kindu kwa ndege. Jenerali alikufa kwa kuhara msituni kabla hajaitwa mezani. Waziri hakuthubutu kurudi kijijini. Akapanga chumba kwenye kiwanja kilichopakana na changu, bila kujua, nadhani, mwenye kiwanja cha pili ni nani. Asubuhi ya kwanza alinikuta naanika nguo.

Alisimama muda mrefu upande wake wa ua.

"Mama Feza. Mimi njo niliandika ile tangazo."

"Minajua."

"Nihame?"

"Sijui."

Hakuhama. Miaka ya mwanzo tuliongea juu ya kuku tu, na maji, na mianzi ya ua iliyooza. Kila mwaka alibadilisha mianzi peke yake, upande wake na upande wangu. Sikumshukuru, na yeye hakungoja.

Sitaki mtu adhani alikuwa mtakatifu wa majuto. Nyumbani mwake alikuwa mtu wa amri. Siku moja, kwa sababu ya chakula kilichoungua, alimtamkia mke wake talaka, sentensi moja mbele ya wageni, na sauti yake ilikuwa nzuri mno. Mke akafunga virago akaenda kwa kaka zake Kailo. Waziri alikaa siku mbili kama mtu aliyeshinda vita. Ya tatu akaanza kutuma wazee. Ilimchukua msimu mzima wa mvua. Mke alirudi kwa masharti tisa, na akamlazimisha ayaandike mwenyewe, ayabandike jikoni. Niliyasoma. Sharti la nne lilisema asipige hotuba wakati watu wanakula.

Na ugonjwa wake wa zamani haukupona. Redio ikitangaza kwamba sehemu fulani ya dunia imeamka na kujiita nchi, alisogeza sikio karibu, macho yakang'aa. Baadaye alisema ni wendawazimu, watu watakufa. Lakini kwanza alisikiliza hadi mwisho, na midomo ilikuwa ikitembea.

Kuna asubuhi nilikuwa nimebeba ndoo kwenda kuoga. Bafu zetu za makuti ziligusana migongo. Nilimsikia anajimwagia maji huku anasema kitu. Lilikuwa lile tangazo. Alilijua lote kwa moyo, vijiji vyote, mito yote, kwa mpangilio wake. Nilisimama na ndoo yangu, maji yananimwagikia miguuni. Sikuwahi kulisikiliza vizuri siku ile ya uwanjani, tulikuwa tunacheka. Lilikuwa zuri. Lilitaja watu waliosahauliwa na kila mtu, likasema nao wana pumzi na haki na ardhi. Hilo ndilo sikumsamehe kwa muda mrefu kuliko yote, kwamba maneno yaliyomuua mume wangu yalikuwa mazuri.

Alipofika mahali pa Mji Mkuu alinyamaza. Nikasikia kopo linaanguka. Hakuendelea.

Vita vya mashariki vilipowaka tena, na redio ikaanza tena kutaja hoteli za mbali na watu wanaoitwa mezani, Waziri alikuwa amekwisha kuwa kipofu wa jicho moja, na la pili linaona ukungu. Adhuhuri moja wakaja vijana watatu kwa pikipiki mbili. Wawili walikuwa wachimba dhahabu wa machimbo ya Kama, mikono yao ilisema. Wa tatu alikuwa na viatu safi na simu kubwa. Mimi nilikuwa barazani kwa Waziri, nimempelekea mawese. Kijana wa viatu safi akamwita Ekselansi.

Nilimwona akinyoosha kola.

"Tunajua kazi yako, Ekselansi," kijana akasema. "Tuko na document. Tunataka tu urekebishe Kifaransa. Wanaita wenye inchi, wengine hawawaite."

"Nani iko upande ya pili?" Waziri akauliza.

"Upande gani?"

"Wale munakatana nao. Wanajua munaandika?"

"Watajua tukitangaza."

Akamwambia asome. Kijana akasoma kutoka kwenye simu. Kilikuwa Kifaransa kibovu kweli. Sentensi ya tatu Waziri alimkatiza, akasahihisha kitenzi. Ya tano akabadilisha mahali pa jina. Ya saba akasema, "Hapa weka pumzi. Muntu lazima apumue," na mkono wake ukaanza kutafuta kalamu mfukoni. Uso wake ulikuwa umerudi ujanani. Sijawahi kuogopa uso kama nilivyouogopa ule.

Nikasema, "Waziri. Mimi nilimuombea mume wangu karatasi."

Miaka ishirini sikuwahi kuyasema maneno hayo. Mkono wake ulisimama.

"Mama ni nani?" kijana akauliza.

"Mimi raia wa ile inchi yake," nikamwambia. Nikawasimulia pale pale, nikiwa nimesimama: karatasi ya wawili, viti vya mabalozi, mguu wa nne ambao haukupigwa msasa. Sikulia. Mchimba dhahabu mmoja aliinama akawa anatazama vidole vya miguu yake. Kijana wa viatu safi akamgeukia Waziri, akitarajia atanikanusha.

"Njo vile," Waziri akasema. "Sikutoa karatasi. Nilipenda kuombwa."

Waliondoka. Tangazo lao lilitembea kwenye simu za watu wiki mbili baadaye, na makosa yake yote. Kijiji walichokiita makao makuu kilikuwa kitupu kabla jua halijazama. Watu walibeba magodoro na vifaranga bila kungoja kuona nani atakuja.

Siku ile lakini, vijana walipokwisha kwenda, Waziri akauliza, uso kwenye ukungu wake, si kwangu hasa:

"Mama Feza, unataka nini?"

Sikuwa nimejiandaa. Nikamwambia nataka twende kijijini. Kuna wajane sita bado hai. Aketi mbele yao.

"Wataniua."

"Sijui. Tutaenda wote."

Tulivuka mto hadi Alunguli Jumamosi, tukapanda pikipiki moja, yeye katikati. Wanawake walitungojea mbele ya kanisa jipya, la matofali. Aliletewa mkeka. Hakuna aliyemsalimia kwa mkono. Alianza kusema kwa sauti yake ya uwanjani, na bibi mmoja, mkubwa kuliko wote, akamkata.

"Wewe uliandika hakuna atakayeuliza. Sisi tunauliza. Usihutubie. Jibu."

Wakauliza. Walitaka kujua nani alichagua jina la Mji Mkuu. Yeye. Kama alijua askari watakuja. Alijua siku moja kabla. Mvuvi alileta habari. Kwa nini hakupiga kengele ya shule. Jenerali alikataza, watu wakikimbia haitakuwa nchi tena. Na wewe ulikubali? Alikubali. Kila jibu alilitoa kwa sentensi fupi, na nilijua zinamgharimu, mtu aliyependa ndefu. Jua lilimhamia usoni, hakuomba asogezwe.

Mimi niliuliza mwisho.

"Siku ile unakimbia. Njia ya msituni inapita kwa karakana ya mume wangu."

"Inapita."

"Alikuwepo?"

"Alikuwepo. Alikuwa anapiga randa."

"Ulimwambia?"

Bibi yule mkubwa akasogea mbele kwenye mkeka wake.

"Nilimusalimia," Waziri akasema.

"Ukasema nini?"

"Nikasema, kazi muzuri, fundi."

"Na yeye?"

"Akasema, asante, Waziri. Kesho iko tayari."

Mwanamke mmoja aliinuka akaenda zake. Baadaye bibi mkubwa akatamka kwamba hawajamaliza, arudi Jumamosi nyingine, na Waziri akaitikia. Alirudi mara nne, kisha mwili ukamshinda.

Siku ile ya kwanza alijaribu kuinuka akashindwa. Miguu ilikuwa imekufa ganzi kwa kukaa. Alipapasa hewani, akitafuta ukuta ambao haukuwepo. Wanawake walimtazama. Mwenye pikipiki alikuwa anapiga honi barabarani, mvua inakuja, na mto ni wa kuvuka kabla ya giza. Nikampa mkono. Alikuwa mwepesi kama fito.